Baada ya Jiko la Mama Kuungua

Jiko letu la Nalufenya, Jinja, liliungua Jumamosi mchana, mimi nikiwa uani naanika shuka. Mama alikuwa anakaanga samaki. Mafuta ya taa yalimwishia katikati ya kazi, akaizima stovu, akaijaza mafuta aliyoyanunua asubuhi ile kwenye duka la jirani, akawasha tena. Nilisikia mlio kama wa mtu anayekung'uta blanketi zito, mara moja tu. Nilipogeuka, mlango wa jiko ulikuwa mwekundu na mama anatoka humo, mikono ameinyoosha mbele. Mikono ya gauni lake ilikuwa inawaka.

Baba alikuwa kibarazani na redio yake. Aliruka ukuta mfupi wa kibaraza, akaninyang'anya shuka mbichi niliyoishika, akamfunika mama na kumlaza chini. Halafu akapaza sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuhame kambi ya polisi.

"Mchanga! Si maji! Leteni mchanga!"

Majirani waliokuja mbio na ndoo za maji wakazitua. Mtu mmoja mtaani alikuwa anajenga, mchanga wake umemwagwa kando ya njia. Wakauchota huo kwa makarai, kwa masufuria, wengine kwa mikono. Moto ulizimwa kabla haujaingia sebuleni. Mama mmoja alileta mayai akitaka kuyapasua juu ya vidonda, baba akamzuia. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye kamba ya nguo. Nakumbuka nilikuwa na vibanio mdomoni, na nilivitoa kimoja kimoja nikavitia mfukoni ndipo nikaenda.

"Mshukuru Mungu," watu waliniambia siku ile na siku zilizofuata, "hakuna aliyekufa." Nilijibu kwamba namshukuru. Maneno yalitoka vizuri, na watu wakasema nina moyo mgumu, nafaa kuwa karibu na baba yangu wakati kama ule. Haukuwa moyo mgumu. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni mguu wako, lakini ni kama unagusa gogo. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima.

Mama alilazwa, mikono yote miwili imefungwa mpaka juu ya viwiko, na shingo upande mmoja. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nikisubiri kupangiwa shule, kwa hiyo kazi ya kumuuguza ilikuwa yangu. Asubuhi nilisafisha nyumba, mchana nikaenda kumlisha. Hakulalamika. Alifungua mdomo kijiko kilipofika, akatafuna, akatazama dari.

Masizi ndiyo yaliyonishangaza. Moto haukufika sebuleni, lakini masizi yalifika kila mahali: kwenye vitambaa vya makochi alivyovifuma mama mwenyewe, ndani ya kabati lililofungwa, kati ya kurasa za Biblia. Ukiyafuta kwa kitambaa kikavu yanatulia. Ukiyafuta kwa maji yanapakaza. Jikoni beseni la plastiki lilikuwa limeyeyuka likashikana na sakafu, na ndani yake vijiko vimezama kama mawe ndani ya tope. Nilijaribu kuling'oa kwa jembe. Sukari ilikuwa imekauka ikawa jiwe jeusi, na nilipolivunja, katikati palikuwa bado peupe. Nikalamba. Ilikuwa tamu. Niliketi pale sakafuni nikala kipande chote, si kwa njaa, halafu nikaendelea kusugua.

Baba alikuja mlangoni akanitazama.

"Umekula?"

"Ndiyo, baba."

"Umekula nini?"

"Sukari."

"Toka humo," alisema. "Twende dukani."

Niliogopa alichokuwa anakwenda kufanya. Au tuseme nilijua kwamba napaswa kuogopa.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kikenya, mume wake dereva wa lori aliyepita Jinja mara kwa mara akielekea Kampala au akirudi Mombasa. Alikuwa rafiki wa mama kuliko wanawake wote wa mtaa. Sababu ilikuwa lugha. Baba ni Mteso, mama Msamia, walioana kambini, na nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili cha kambi. Nalufenya ukiongea Kiswahili sokoni watu hupunguza sauti. Wengi walikumbuka askari waliowahi kuwaamrisha kwa lugha hiyo, na katika hali gani. Lakini mbele ya yule mama, Kiswahili kilikuwa maneno ya kawaida ya kuulizana habari za watoto na bei ya nyanya. Mama alikuwa akienda kununua kiberiti anarudi jioni.

Tulimkuta nyuma ya kaunta. Alipomwona baba alisimama.

"Afande, pole. Nimepeleka uji hospitali asubuhi, amekunywa kidogo."

"Mafuta ya taa yako wapi?" baba aliuliza.

Alimwonyesha jerikeni kwenye kona. Baba akafungua kifuniko, akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Akanipa mimi. Hata mimi nilijua. Ilikuwa na harufu ya kituo cha petroli.

"Umenunua wapi?"

"Kwa madereva. Afande, mimi huwa nanunua kwao siku zote. Haki ya Mungu, sikujua. Mimi mwenyewe nimepikia hayo mafuta."

"Hayo hayo?"

Akaitazama jerikeni. Ilikuwa mpya, si ile aliyopikia.

Baba aliibeba mpaka nyuma ya duka, kwenye shimo la takataka, akaimwaga yote taratibu, akairudisha tupu na kuiweka palepale ilipokuwa. Alikuwa na marafiki polisi bado. Neno lake moja lingetosha. Mwanamke yule alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila sauti, na alikuwa ananitazama mimi, si baba. Alitaka niseme kitu. Nilijitafuta ndani nikatafuta hasira, nikatafuta huruma, chochote kati ya hivyo viwili. Hapakuwa na kitu. Nikasema, "Kwaheri, mama," kama siku zote, tukaondoka.

Baba hakumshtaki. Nilimuuliza njiani kwa nini. Akasema amewahi kuona watu wakifungwa jela, wala majeraha ya wenzao hayakupona kwa sababu hiyo. Hatukulizungumza tena.

Mama alipopewa ruhusa alifika hadi geti la uani akasimama. Hakulia, hakutetemeka. Alisema tu, "Siingii." Tulimwekea kiti chini ya kamba ya nguo akakaa hapo mpaka jua lilipoanza kushuka, baba akisimama, akikaa, akisimama. Mwishoni baba aliniambia nimpeleke mama Mbale kwa mdogo wake.

Mama mdogo alikuwa anauza mitumba na amepanga vyumba viwili Namakwekwe, upande wa wafanyabiashara wadogo, mahali ambapo kila mlango una sigiri, jiko la mkaa, mbele yake na kila sigiri ina moshi wake. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Mama alichagua kukaa chumbani, uso ukutani, dirisha limefungwa. Nilimbadilishia bandeji, nilimwogesha, nilimchana nywele. Mama mdogo, mtu wa maneno mengi, alikuwa anahangaika na ukimya wetu.

"Mnakaa kama watu waliokula kiapo," alisema. "Hata msiba una kelele."

Siku moja akaamua kutufurahisha. Alipata malewa sokoni, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wamasaba huyakausha juu ya moto mpaka yanakuwa meusi, akayapika kwa karanga tangu asubuhi. Ni chakula cha heshima, mgeni hapikiwi kila siku. Alikileta mezani kwa furaha, akafunua sufuria.

Harufu ya moshi ilijaa chumba. Moshi wa malewa hautoki hata ukiyachemsha vipi. Ndio utamu wake. Mama aliinuka. Alipita katikati yetu, akatoka nje, peku, mikono yake iliyofungwa ameiinua usawa wa kifua, akaingia barabarani. Boda boda mmoja wa baiskeli alimkwepa akaangukia mtaroni na abiria wake, akatukana. Mama hakugeuka.

Nilimfuata. Sikumwita. Alitembea haraka kuliko nilivyodhani anaweza, akavuka barabara kubwa, akashika njia ya Nkoma, kwenye nyumba za watu wa mishahara zenye uzio wa michongoma. Wanafunzi waliokuwa wanatoka shule walimpisha. Alipochoka aliketi juu ya mawe ya ujenzi nje ya kanisa moja ambalo halijaezekwa, nami nikaketi pembeni yake. Mlima ulikuwa mbele yetu, nusu umefunikwa na mawingu.

"Amenipikia chakula kizuri," mama alisema baada ya muda. "Nenda umwambie asante."

"Nitamwambia."

"Unajua nilikuwa naona," alisema. "Siku ile. Niliona mikono inaungua nikasema, huyu mwanamke anaungua, mbona hatoki? Sikujua ni mimi mpaka baba yako aliponiangusha." Alitazama bandeji zake. "Na mpaka leo sijarudi. Watu wanasema pole, namtafuta wanayempa pole."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtu akisema jambo lile kwa mdomo.

"Hata mimi, mama."

"Hata wewe nini?"

"Sisikii kitu. Tangu siku ile. Nakula, nalala, nakuogesha. Nikikuangalia mikono naona mikono tu."

Nilidhani ataumia. Alinigeukia akanitazama kwa makini, jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, akitafuta homa. Halafu akanyoosha mkono wa kulia.

"Fungua."

"Daktari amesema—"

"Fungua, nione kitu."

Nilifungua. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi na yenye kung'aa, imevutana karibu na kiwiko. Aliniambia nimguse. Nikaweka kidole juu ya kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Nikapanda kidogo, akatikisa kichwa. Nikapanda tena. Karibu na kiwiko, pembeni kabisa, alishtuka.

"Hapo," alisema. "Hapo nasikia."

"Inauma?"

"Inauma." Akavuta pumzi. "Basi haijafa yote. Nifunge, nzi watakuja."

Nilimfunga. Ningependa kusema nililia pale, lakini sikulia. Nilitazama mlima, nikagundua tu kwamba jiwe nililolikalia lilikuwa la moto kwa jua, na kwamba nilikuwa nimelikalia muda wote huo bila kujua. Tulirudi Namakwekwe. Mama aliketi mlangoni, mbali na sigiri lakini si chumbani, akamwomba mdogo wake radhi. Mama mdogo akasema, "Dada, hata mimi nimekoma malewa," akacheka peke yake, na mama akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Baba alikuja mvua zilipoanza. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la polisi lililotolewa alama zote, na mkononi ana kikapu. Alikuwa amekonda. Tulijua kutoka kwa watu waliopita kwamba ameliezeka jiko upya na kulipaka chokaa, lakini hatukujua kilichokuwa kwenye kikapu mpaka alipokiweka miguuni mwa mama na kufunua. Ilikuwa sahani ya ugali wa mtama na muhogo, umefunikwa kwa sahani nyingine na kufungwa kwa kitambaa, umepoa na kupasuka.

"Nani amepika?" mama aliuliza.

"Mimi."

Mama mdogo aliziba mdomo. Baba hakuwahi kuingia jikoni isipokuwa kuuliza chakula kiko wapi.

Mama alimega kwa vidole vilivyokuwa bado havijikunji vizuri, akala. "Umeungua chini," alisema.

"Najua."

"Nikirudi sipiki. Ujue hivyo. Sijui mpaka lini. Labda sipiki tena."

"Nani amesema upike?" baba akajibu. "Nimekuja kukuchukua wewe."

Mama alirudi naye juma lile lile. Mimi nilibaki Mbale, kwa sababu shule niliyopangiwa ilikuwa huko, nikapata chumba Nkoma. Likizo ya kwanza nilikwenda Jinja, na mama akaniomba nimsindikize dukani kununua majani ya chai. Hakuwa amekwenda tangu arudi. Jirani yetu alipotuona alifunika uso kwa leso yake, akaanza kulia, safari hii kwa sauti, "Dada yangu, dada yangu," na wateja wawili waliokuwepo wakatoka nje kwa adabu.

Mama alimsubiri. Hakumshika, hakumkemea, hakumwambia yamekwisha. Mwanamke yule alipotulia, mama akasema, "Habari za siku nyingi."

"Nzuri. Sijui. Habari zako wewe?"

"Bado sijajua," mama alisema. "Nipe majani ya chai."

Pale kwenye kona hapakuwa na jerikeni tena. Mama aliketi kwenye benchi la wateja. Sikutarajia. Aliketi tu, pakiti ya chai mapajani, mwenye duka anapanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Baadaye mama akauliza kama mtoto wa mwisho ameanza shule. Jirani akasema ameanza, lakini analia kila asubuhi. Mama akasema ataacha tu, wote huacha.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Hapo ndipo machozi yalipokuja, bila sababu niliyoijua, mbele ya watu wanaopita. Nami nikayaacha yatoke, nikimsubiri mama amalize mazungumzo yake.