Upepo uliangusha miti tisa, mimi nikaimalizia ngitili yote

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachoandika hapa nimekifanya mwenyewe kwa mikono hii, kwa hiyo sina haja ya kuongeza chumvi. Kilivyo tu kinatosha kuniaibisha.

Najua humu kuna mabingwa wa kila fani. Kaeni vizuri, leo mtacheka bure.

Mimi ni mtu wa Tinde, elimu kidato cha nne, umri arobaini na tatu. Katika miaka hiyo, kama ishirini nimezunguka migodini. Nimekaa Katoro, nikahamia Kagongwa, nikarudi tena Katoro. Nikiwa Katoro naota harufu ya mvua ya kwanza nyumbani. Nikifika nyumbani, siku ya tatu tu naota kelele za Katoro. Sijawahi kujua dawa yake.

Kazi yangu migodini ilikuwa fundi matimba. Kwa wasiojua, shimo la dhahabu tunaliita duara, na kuta zake zinashikiliwa na magogo. Magogo hayo ndiyo matimba. Fundi akikosea, watu wanazikwa kabla hawajafa.

Kwa hiyo kichwa changu kilishakaa hivi: gogo zima lililonyooka ni uhai. Gogo lililooza, lililopinda au lenye tundu ni kifo, litoke haraka sana.

Hiyo akili nzuri ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Niliporudi mwaka juzi nilikuwa na begi moja na maelezo mengi. Kaka yangu Doto hakuyataka maelezo. Yeye ndiye mkubwa wa mji sasa, ng'ombe wote wako chini yake. Akaniita zizini, akaniambia mbele ya shemeji, mke wake:

"Shija, nyumba huna, shamba huna, mke sijui ulimwacha wapi. Shika ngitili. Ng'ombe wakivuka viangazi viwili mikononi mwako, nakukatia kiwanja ujenge. Wakishindwa, rudi kwenye mashimo yako, tujue tulizaliwa wawili tu, mimi na pacha wangu."

Shemeji akaongeza, "Na begi usilifungue lote."

Ngitili, kwa ambao hawajakaa Usukumani, ni pori la ukoo ambalo mvua zikianza linafungwa. Mfugo hauingii. Nyasi zinapanda, miti inapumua, halafu kiangazi kikikaza linafunguliwa ng'ombe wale. Bila ngitili, mwezi wa kumi ng'ombe anabaki ngozi na macho.

Yetu aliianzisha babu. Utotoni nimeichunga sana, nikila ukwaju mpaka meno yanakufa ganzi. Hivyo nilipokabidhiwa nilijiona mtu mkubwa. Nikawa naizunguka kila asubuhi, mikono nyuma, kama mkuu wa shule.

Masika ya mwaka ule ule ukaja upepo na mvua ya mawe. Mchana kweupe, dakika chache tu. Kulipotulia, miti tisa ilikuwa chini, mingi ni migunga, miiba imetapakaa kila upande, matawi yamelaliana. Ng'ambo ya kijia cha ng'ombe, kwenye ngitili ya Mama Holo, hali ilikuwa mbaya kuliko kwetu.

Mama Holo ni mjane, anamiliki kipande kinachopakana na chetu. Nilimhurumia kweli. Nikasema maskini, hana mwanaume wa kumsafishia.

Sasa angalieni busara yangu. Sheria za jadi pale kijijini zinakataza kukata mti mbichi ndani ya ngitili. Mti uliokufa hazikuutaja. Mimi msomi wa kidato cha nne nikaona wazee walisahau kifungu, nikawasaidia.

Nikaita vijana wa mkaa kutoka Tinde mjini. Makubaliano yalikuwa mepesi: wao wachukue kila kilichoanguka na kila kilichokauka, mimi waniachie pori safi. Walifanya kazi wiki mbili. Hata kichuguu hatukukiacha, tulikisawazisha.

Mama Holo alisimama kijiani na jembe begani, akatutazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Shija. Unafagia pori?"

"Nasafisha mama. Tukimaliza hapa naweza kuwaleta na kwako. Kwako kumekuwa kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi."

"Kweli baba. Na kwako kunakuwa kipara."

Vijana walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilijua ni wivu.

Siku ya mwisho ulibaki mti mmoja mkubwa, aina ya mtundu, katikati ya ngitili. Ulikuwa umekauka miaka mingi, umesimama tu, una tundu kubwa juu. Kwa macho ya fundi matimba ule ulikuwa msiba unaosubiri tarehe. Nikasema uangushwe.

Ulipoanguka, kwenye tundu ukabomoka udongo mkavu, akatoka ndege, hondohondo jike.

Wakuu, waliochunga wanajua. Hondohondo akitaka kutaga, jike anaingia tunduni, wanaziba mlango kwa udongo, wanaacha upenyo mwembamba tu. Manyoya ya mabawa yanapukutika. Hawezi kuruka. Dume ndiye anayemletea chakula kupitia ule upenyo mpaka makinda yakue.

Nilikuwa najua. Utotoni nililala chali chini ya mti ule ule nikimwangalia dume akileta panzi. Sikusahau. Sikufikiri tu, maana nilikuwa bosi wa usafi.

Jike alikimbia chini kwa miguu, mabawa yamebaki vijiti. Mbwa wa mmoja wa wale vijana hakuhitaji hata kukimbia sana. Makinda mawili yalikuwa yameshakufa kwa ule mwanguko.

Kijana mmoja akasema, "Bosi, kumbe ilikuwa nyumba ya watu."

Nikamwambia apakie magogo.

Dume alirudi kabla hatujaondoka, ana panzi mdomoni. Akaja moja kwa moja mpaka pale juu tundu lilipokuwa, hewani, akapigapiga mabawa, akageuka, akakaa kwenye mkwaju. Kesho yake akaja tena. Alikuja siku nne. Kila mara na kitu mdomoni.

Siku ya tano hakuja, na mimi nikaona sasa usafi umekamilika.

Nilipiga picha nikaweka status. Miti imesimama kwa nafasi, chini peupe, unaona kutoka mpaka huu hadi ule. Jamaa zangu wa Katoro walinisifu: bosi, umenunua hoteli? Hata Doto alizunguka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema, "Mashimo yalikufundisha kitu."

Kiangazi tukaifungua. Ng'ombe waliingia vizuri, walikula vizuri. Mbuzi ndio walionionyesha ramani. Zamani kulikuwa na sehemu nyingi ambazo mbuzi hafiki, kuna miiba, kuna magogo. Sasa walitembea kila hatua kama wakaguzi wa mahesabu. Kila mche wa mgunga ulioota baada ya upepo, walikula. Kila chipukizi la mkwaju, walikula. Nyasi zilizobaki zikakanyagwa mpaka mizizi.

Hata hivyo ng'ombe walivuka. Kiangazi cha kwanza, nimefaulu. Nikaanza kuangalia wapi nitaweka jiko na wapi choo.

Mvua zikaja. Maji yalipofika kwenye ngitili yangu safi hayakukuta cha kuyashika. Hakuna gogo, hakuna majani yaliyooza, hakuna kichuguu. Yalipita kama basi lisilo na abiria wa kushuka hapo. Yakateremka bondeni na udongo wa babu.

Nyasi ziliota kwa mabaka. Kanga, ambao walikuwa wanataga chini ya matawi yaliyoanguka, walihama. Kigogota sikumsikia tena, agonge nini, hewa? Asubuhi nilikuwa nazunguka na mikono nyuma kwenye uwanja wa mpira.

Kilipofika kiangazi cha pili, ng'ombe walimaliza ngitili yetu kwa siku chache tu. Walikuwa wanasimama wanalamba vumbi, wananiangalia. Ndama mmoja akaanza kulala na kushindwa kuamka.

Doto alikuja, akatazama, hakunitukana. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Alisema neno moja, "Begi?"

Nikamwambia anipe siku moja.

Nikavuka kijia kwenda kwa Mama Holo. Tangu ule upepo sikuwahi kuingia kwenye lile pori lake la aibu. Wakuu, kila mti ulioanguka ulikuwa umegeuka zizi. Ndani ya matawi makavu yenye miiba, pale mbuzi hawezi kupeleka mdomo, kulikuwa na miche ya migunga inafika magotini, mingine kiunoni. Nyasi ndefu pembeni ya kila gogo. Nilikanyaga, udongo ukawa laini, nikaona mchwa wanafanya kazi zao. Kanga wakaruka karibu wanipige usoni.

Mama Holo alikuwa anakata nyasi za kuezekea. Nikasalimia, nikapiga goti kabisa, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwomba ng'ombe wetu waingie kwake mpaka mvua.

"Si uliniambia kwangu ni kichwa cha mtu aliyeamka?"

"Nilisema mama."

"Mwaka ule ningekuwa na nguvu kama zako, na mimi ningefagia," akasema. "Nilichoka tu. Nikaacha. Kumbe upepo ulikuwa unanijengea boma. Na wewe ulikujengea, ukalichoma mkaa."

Akafunga mzigo wake wa nyasi.

"Ng'ombe walete. Mbuzi hapana. Na wewe kila siku utabeba matawi ya miiba kutoka njia ya shambani kwangu, uyatupe kule kwako. Usiyapange! Nikikuta umeyapanga kifundi, natoa ng'ombe."

Ndama alipona, wakuu. Ng'ombe wote walivuka.

Nikarudi kwa Doto na begi langu begani, maana nilijua makubaliano. Kuvuka kwenye pori la jirani si kuvuka mikononi mwangu. Akalipokea begi, akaliweka chini.

"Kiwanja nakukatia," akasema. "Lakini kule ukingoni, kwenye kipara. Mlango uangalie ndani ya ngitili, ukiamka ukione."

Ndiko ninakokaa sasa. Fundi matimba niliyesifika Katoro yote kwa kupanga magogo, kazi yangu ni kuyatupa ovyo. Nimekuwa upepo wa kuajiriwa. Miche imeanza chini ya matawi, mifupi bado. Kanga wawili wamerudi. Mtundu mwingine umekauka pale karibu na mlango wangu, una tundu linaloanza, na Doto aliponiuliza kama si hatari kwa nyumba nilimwambia nitahamisha nyumba.

Hondohondo bado. Kila masika natazama juu.

Nilichojifunza ni kwamba mti ukifa porini haujamaliza kazi, umebadilishiwa tu zamu. Na anayeona pori ni chafu aanze kujiuliza yeye amekaa mbali na nyumbani muda gani.

Haya mabingwa, uwanja wenu. Mwenye kujua namna ya kumrudisha ndege aliyebomolewa nyumba aandike hapa chini, nitasoma kila neno. Mwenye matusi naye aandike, ila apange foleni nyuma ya shemeji yangu.