Ndoo ya Bi Mwanaidi

Siku moja ya kiangazi naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa msichana wa chuo, nimekuja Handeni kwa shangazi yangu Zubeda kumalizia utafiti juu ya mwandishi mmoja wa riwaya, Mfaransa. Huyo bwana karibu vitabu vyake vyote vinauliza jambo moja: ukimwona mwenzako anavuliwa utu wake, wewe una wajibu gani? Nilishajaza kurasa nyingi, na nilijiona nimemwelewa.

Shangazi alikuwa na kioski cha maji. Asubuhi namsaidia, mchana nasoma. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na maji yanatoka kidogo kidogo. Akaja Bi Mwanaidi, mama wa makamo kutoka Sindeni. Aliwahi kuugua ukoma, akatibiwa akapona, ila vidole vilikuwa vimekatika. Akina mama wakasogea pembeni. Mmoja akasema yule akishika bomba, yeye hachoti tena hapo.

Shangazi akamwambia, "Mama, nenda lamboni."

Lambo lilikuwa mbali, na ng'ombe walikunywa humo humo.

Nikasema, "Shangazi, huyu alishapona. Haambukizi mtu."

Akanigeukia, bila kupandisha sauti. "Wateja wakiondoka, watoto nitawalisha nini? Huyo Mfaransa wako angefanya nini hapa? Niambie."

Kurasa zangu zote hazikusema lolote juu ya mtu anayelala kwa shangazi yake na kula ugali wake. Nikachukua ndoo ya Bi Mwanaidi, nikaikinga mpaka ikajaa, nikamtwika. Hakuniangalia mimi. Alimtazama shangazi, akasema, "Ahsante, mama," akaenda zake.

Baadhi ya wanawake wakabeba ndoo zao tupu wakaondoka. Jioni shangazi akaniambia nitafute pa kulala. Kesho yake nikapanda basi la Korogwe, nikamalizia kazi kwa rafiki yangu. Chuoni waliipa alama za kawaida tu.

Mimi na shangazi tulikaa muda mrefu bila kusemezana. Baadaye nikasikia Bi Mwanaidi anachota pale kioskini, ila wa mwisho, watu wakishaondoka. Nikaenda kumwamkia shangazi. Alipoitikia, nikamuuliza kwa nini anamweka wa mwisho.

"Na mbona huulizi kwa nini nampa?" akasema, akanikaribisha ndani.

Basi mwanangu, soma, na hao waandishi wa mbali wasome pia, wanafungua macho. Lakini usingoje umalize kitabu ndipo umtetee mtu. Ukimtetea, usitazamie shukrani; huenda ukakosa hata pa kulala. Na yule aliyeshindwa kumtetea siku ile usimfute moyoni. Mpe muda, kisha rudi umuulize tena.

Mungu akujalie kumwona mtu kabla hujaliona kovu lake, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe kwa heri.