Katuni Iliyomtaja Mama

Juzi Kariakoo nilimpita mama ntilie anapika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Asiyeujua huuacha ukashika chini ya sufuria, lakini hayo tuyaache. Harufu yake ilinirudisha nyumbani kwa mama mmoja wa Kichaga, mwenye duka la jumla, ambaye peke yake mtaani kwetu alikuwa na televisheni. Tulikuwa tunavua ndala mlangoni, tunakaa kwenye saruji nyekundu ya baridi, tunasubiri katuni.

Katuni yenyewe ilikuwa ya Kizungu. Wimbo wake wa mwanzo hatukuuelewa, ila pale mwishoni sote tulisikia, “Mama kala ndizi!” Basi tukawa tunaliimba hilo kwa nguvu zote. Siku moja mama mwenye nyumba akatoka jikoni na kisu, anamenya ndizi.

“Mnanitania ndani kwangu? Mchaga na ndizi, eeh? Tokeni!”

Akazima.

Kesho yake wenzangu wakanisukuma mbele, maana mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa, na televisheni nyingine hatukuwa nayo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Unataka nini, mwimbaji?”

“Si sisi mama, ni televisheni ndiyo inasema hivyo.”

Saa ya katuni ilipofika akawasha, akatega sikio mpaka wimbo ukaisha. Akaguna.

“Haya, ingieni,” akasema. “Lakini na hao Wazungu, nani kawaambia?”