Mpini wa Mti wa Kahawa

Mundu wa mama ulilegea wakati wa mvua, chuma kikawa kinazunguka ndani ya mpini. Aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaendelea kumkatia ng'ombe majani ya nepia. Siku chuma kilipomponyoka na kumkosa goti kidogo tu, aliniita jikoni. Alipanda kwenye stuli na kushusha kipande cha mti kutoka darini, juu ya meko. Kilikuwa kimekaushwa na moshi mpaka ukikigonga kinalia.

"Kiko hiki tu, maitu," alisema. "Nitengenezee mpini."

Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ni binti wa pili na nina jina la mama yake. Shamba lake la Kalimoni lilikuwa na kahawa mpaka tulipong'oa miti yote. Kipande hicho ndicho pekee ambacho hakikuingia motoni.

Nilikibeba hadi Ruiru, ninakoishi. Kwa Jumamosi tatu nilikaa kwenye balkoni nikikichonga kwa tupa na kukilainisha kwa msasa, hadi kikawa mpini mnene, wenye kiuno na kichwa cha mviringo. Kilichobaki ni tundu la kuingiza mkia wa mundu, ile sehemu nyembamba ya chuma inayojificha ndani ya mti. Sikuwa na drili. Niliulizia, nikaelekezwa kwa fundi wa mipini huko Thika, upande wa Kiandutu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Aliugeuza mpini wangu mara mbili, akacheka.

"Madam, hii umeivalisha suti kabla haijaoga."

"Kivipi?"

"Tundu ndio ya kwanza. Mpini inakuja nyuma."

Nilimwomba arudie, akarudia polepole. Yeye hutoboa gogo likiwa bado baya. Tundu likipinda, lipinde. Kisha hulishika gogo kwa tundu lenyewe kwenye mashine ya kuzungusha, akalichonga kulizunguka tundu hilo. Kwa hiyo tundu lazima liwe katikati, kwa kuwa katikati imepimwa kutoka kwenye tundu. Maisha yangu yote nimeshika majembe na visu, na sikuwahi kujiuliza kipi kilitangulia.

"Na wanaotoboa mwisho?"

Alisukuma debe kwa mguu. Lilijaa mipini mizuri ambayo matundu yake yalitokea ubavuni. "Hizo tunaita madirisha. Nachemshia chai."

Nikamwambia mti ulitoka wapi, na kwamba hakuna mwingine. Aliacha kucheka. Aliufunga mpini wima kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma, kati ya vipande viwili vya gunia, akatia alama katikati kwa msumari.

"Mimi nikisimama hapa naona kushoto na kulia," alisema. "Mbele na nyuma sioni. Wewe simama kando, uwe jicho yangu. Drili ikilala, sema."

Nilisimama kando. Drili ikaanza kuimba. "Iko sawa," nikasema. "Nyuma kidogo. Hapo." Kisha vumbi likaanza kutoka, jeupe lenye umanjano, nami nikainama kulitazama. Nilitaka kujua kama mti wa kahawa una harufu ya kahawa. Hauna. Unanukia kama mkate mbichi.

"Madam! Unaangalia nini?"

Drili ilikuwa imelala upande wa fundi.

Aliichomoa. Alitia waya mrefu ulionyooka ndani ya tundu, akauviringisha mpini juu ya meza. Ncha ya waya ilichora duara hewani. Tundu lingekuwa limenyooka, alisema, waya ungetulia. Halikuwa limetoboka nje, lakini mundu ungekaa upande.

"Imekuwa kuni?" nikauliza.

"Bado. Lakini suti yako inavuliwa."

Aliushika mpini kwa lile tundu lililopinda, akauzungusha kwenye mashine. Patasi ilikula kiuno changu, ikala kichwa changu, ikamaliza Jumamosi zote tatu kwa dakika chache. Nilihesabu kila utepe wa mti ulioanguka kana kwamba nitaulizwa. Alipotia waya tena, ncha ilitulia. Mpini ulikuwa umebaki mwembamba, kama wa kijiko cha mbao, ingawa mzima.

Jumapili, baada ya kanisa, nilipigilia chuma cha mundu kwenye mpini mpya kule Kalimoni, na mama akauchukua mundu kabla sijaeleza lolote. Vidole vyake havikunjiki vizuri siku hizi. Hilo nalijua, ila sikuwa nimelifikiria nilipokuwa nachonga ule mpini mnene. Alivikunja. Kidole gumba kikagusa cha shahada.

"Aai! Ulipima mkono wangu?"

Nilitamani kusema ndiyo.

"Hapana. Nilikuwa naangalia vumbi, tundu likapinda. Fundi akapunguza mti ili linyooke."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Maitu wewe! Tangu ukiwa mdogo, unaangalia kila kitu isipokuwa ile umetumwa."

Alienda kwenye nepia vivyo hivyo, na nguo zake za kanisani. Nilimfuata, na safari hii niliangalia pale palipotakiwa, penye chuma na mti. Alikata shina la kwanza, la pili, la tatu. Chuma hakikuzunguka.