Majimoto wa Shangazi

Shangazi yangu analima mikorosho, na vibarua wake wa kudumu ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kung'ata bila huruma. Baba, mdogo wake, ana shamba lake la mikorosho lenye majimoto pia, naye alichoka kung'atwa kila akipogoa. Msimu uliopita akawapulizia dawa shamba zima.

"Sasa napogoa kwa raha zangu!" akatamba.

Raha ikaishia kwenye maua. Wadudu wafyonzaji, ambao majimoto walikuwa wakiwala, walivamia, na maua yakawa meusi kama yamebabuliwa. Kwa shangazi magunia yalijaa hadi sebuleni, wageni wakawa wanakalia korosho. Sisi tuliuza pikipiki.

Jana baba alimwendea, mpole kama maji ya mtungini, kashika mfuko mtupu. "Dada, nigawie kiota kimoja tu."

"Panda ukate mwenyewe, mdogo wangu."

Alishuka mbio, mfuko umejaa, anajipiga shingoni, mgongoni, na pengine ambapo sisemi.

"Dada, wananing'ata!"

"Sana?"

"Sana!"

Shangazi akaufunga mfuko vizuri, akamkabidhi. "Basi nenda nao. Hao wameshaanza kazi."