Santuri Isiyo na Pacha

Fundi alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake. Mama alifariki siku tatu baada ya kumzaa. Picha zilikuwepo, lakini picha haisemi. Kisha Shangazi, katika pilikapilika za kuhama nyumba, akaibua santuri moja chini ya sanduku la nguo, imeviringishwa kwenye gazeti. Mama alikuwa mwimbaji, na studio ilimchongea nakala moja ya majaribio. Wimbo haukutolewa kamwe. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja tu.

"Hii ni laini, si kama za dukani," Shangazi alimwonya. "Sindano mbovu ikipita mara moja tu, basi, umemzika mara ya pili."

Kituo cha redio kilikubali kumnakilia, ila aiache wiki mbili. Fundi akasema hata kwa dawa. Akaamua kutafuta gramafoni yake mwenyewe, na kwa kuwa mfuko wa mshona nguo haujawahi kusifiwa kwa kunenepa, akaenda kwenye soko la vyombo vya mitumba, kwa muuzaji aliyeitwa Profesa kwa sababu hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua.

"Dada yangu, chukua hii!" Profesa aligonga gramafoni nyekundu yenye taa zinazochezacheza. "Ina redio, ina spika zake, ina kila kitu. Lete hiyo santuri tuijaribu."

Vidole vyake vilikuwa vimeshaingia kwenye mfuko wa Fundi, ilimokuwa santuri.

"Usiiguse!"

Meza za jirani zote zikageuka. Fundi aliukumbatia mfuko kwa mikono miwili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile nyekundu ilikuwa imetembezwa mno. Akatoa mkobani kipande cha satini. Ndivyo anavyozijaribu sindano za cherehani: ncha ikiota kijino usichokiona, satini itakiona. Akakivuta kitambaa taratibu chini ya sindano ya gramafoni. Nyuzi mbili zikachomoka.

"Hiyo satini yako mbovu," Profesa akasema.

"Nimeikata leo kwenye gauni la bi harusi. Nionyeshe ile."

Ile ilikuwa sakafuni, ya kijivu, yenye spika moja, haina kifuniko wala taa. Satini ikapita salama. Nyuma ya mkono uliobeba sindano kulikuwa na kichuma cha kuzungusha, sindano ielemee zaidi au kidogo. Ile nyekundu haikuwa nacho, ilikandamiza tu kwa ubabe. Fundi akalipia ya kijivu, na Profesa akamtupia bure santuri ya hotuba za ufugaji wa kuku, mzigo uliomlemea miaka.

Nyumbani waliijaribu kwa hizo hotuba za kuku, Shangazi ameketi kitandani na santuri ya mama mapajani. Sindano ikateleza, ikaruka mistari, ikakimbilia katikati. Miaka ishirini na mitano ya cherehani ikamtuma Fundi kabla hajafikiri: kitambaa kikiteleza, kaza mguu wa cherehani unaokikandamiza. Akakizungusha kichuma, sindano ikaelemea. Hotuba ikaenda bila kuruka neno.

"Si hiyo imekubali!" Shangazi akampa santuri ya mama. "Weka, mwanangu. Unataka nife sijamsikia?"

Akaiweka. Akaushika mkono wa gramafoni, akaanza kuushusha, na hapo, kabla haujagusa, akauona unywele mweusi umeganda kwenye ncha. Akaupapasa. Haukuwa unywele wala vumbi. Ilikuwa santuri ya kuku yenyewe, imekwanguliwa.

"Ningemchuna, Shangazi. Mimi mwenyewe."

Akaiondoa santuri ya mama. Kisha akaweka bobini ya uzi mezani. Ikabiringika yenyewe hadi ukingoni. Kumbe meza ndiyo iliyolala upande! Akaisafisha sindano, akalegeza kichuma, akakunja mabaki ya vitambaa akayasukuma chini ya mguu wa meza hadi bobini ikatulia. Kuku wakahubiriwa tena, mara mbili. Ncha ikatoka safi.

Ndipo akathubutu kuiweka ya mama. Mchakacho wa sindano, gitaa, kisha sauti. Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja. "Ndiye," akasema.

Fundi alikuwa amejiandaa kulia kama mtoto aliyerudishiwa mama yake. Lakini sauti ilikuwa nyembamba, ya msichana, na kila baada ya mistari miwili ilikatika ikitafuta hewa.

"Mbona anahema hivyo?"

"Mimba yako ilikuwa miezi minane. Watu wa studio walimsimamisha asubuhi nzima."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Binti wa kwanza wa Fundi alikuwa na ishirini na mbili. Akapiga magoti, akaisogelea spika mpaka paji la uso likaigusa.

"Pole, mwanangu," akamwambia mama yake. "Pole. Kaa upumzike."