Karatasi Ndani ya Mikoba

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mama aliyekuwa akituuzia maandazi ya mvuke chini ya ghorofa. Siyaandiki. Hasira yangu haihitaji majina.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mimi na mume wa binti yangu tulipanga nyumba Sanyuanli, kwa Wachina, tukinunua mikoba ya kike na kuipeleka Dar es Salaam. Jirani yetu, mlango kwa mlango, alikuwa mzee wa Kiyahudi, mwalimu wa Kiingereza na mtunzi wa vitabu. Ujanani alifundisha Mombasa, basi Kiswahili alikuwa nacho, ila cha kamusi. Asubuhi nikifungua mlango nasikia, "U hali gani, ewe jirani?" Nilimwita Mwalimu, naye akaniita Bibi, na umri wetu ulikuwa mmoja.

Vitabu vyake alinieleza mwenyewe kwenye chai. Kuna vya watu wanaoishi kwenye nyota na mashine zinazofikiri. Kuna vya falsafa, yaani kuuliza mpaka mwenzio akuchoke. Na kuna vya dini yao na masimulizi ya wazee wao. Kipya alichokuwa akiandika kilichanganya vyote. Aliniuliza, watu wakihamia nyota isiyo na machweo, Sabato yao itaingia lini? Nikamwambia swali hilo ni letu pia, maana huko sisi tungefuturu saa ngapi? Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nimeishia darasa la pili, lakini hilo tulibishana sana, na aliyashika maneno yangu akayaandika.

Akaenda Hong Kong kutibiwa macho, akaniachia maboksi mawili. Moja lilikuwa la vitabu vyake vya zamani vilivyochakaa, jingine la hicho kipya, kimepigwa taipu, nakala hiyo hiyo tu. Akanisisitizia kwamba hata vilivyochanika visitupwe, mna Jina la Mungu ndani, na kwao karatasi ya hivyo huzikwa kama maiti. Nikasema hata kwetu juzuu iliyochakaa haiendi jalalani.

"Basi ni amana, Bibi."

"Ni amana, Mwalimu."

Nikayasukuma chini ya kitanda.

Tukaenda Shiling, mji wa mikoba, kukagua mzigo wetu. Mkoba haukaguliwi nje. Unafungua zipu, unatoa karatasi ya kujazia, unatazama bitana. Karatasi niliyoitoa ilikuwa na herufi za mraba, za Kiebrania, zile zile za vitabu vya Mwalimu. Nikafungua wa pili. Na wa tatu.

Mkwe wangu alinieleza bila hata kuona haya. Laobani, yaani bosi wa kiwanda, alimwambia "meiyo", karatasi hakuna, na mkoba mtupu hubonyea njiani. Akayakumbuka maboksi, akayatoa chini ya kitanda changu bila kuniambia, akayaleta kiwandani.

"Ni karatasi za Myahudi tu, Mama. Tena hadithi za uongo."

Kwetu mkwe hagombwi mbele za watu. Nilimgomba mbele ya laobani na mafundi wake wote.

"Sikukuuliza za nani. Nakuuliza aliyeachiwa nani?"

Lori likasubiri, dereva akapiga honi hadi akachoka. Niliufungua kila mkoba. Lakini sehemu ya mzigo ilikwishaondoka kwa ndege wiki iliyotangulia. Nikapiga simu nyumbani Dar es Salaam. Binti yangu akasema wanunuzi walizitoa karatasi pale pale dukani, wakaenda kuwashia majiko.

Nilizopata nilizinyoosha kwa pasi, moja moja. Kitabu kipya kilikosa katikati yote.

Mzee aliporudi alizipekua, karatasi akizisogeza hadi puani. Mkwe akaja kumwomba radhi. "Samahani kwa usumbufu, Mwalimu," kama aliyemkanyaga mtu kiatu.

"Si neno, kijana wangu. Nitaandika tena."

Wakashikana mikono. Mkwe akanigeukia. "Umesikia, Mama? Yamekwisha."

"Vitabu ni vyake, kasamehe. Amana ilikuwa yangu."

Mzee hakuandika tena. Macho hayakumruhusu, na mimi sikuwa na mtu wa kumwandikia. Yule mwingine alikula chakula changu, akalala, akakoroma.

Binti yangu ananiambia ni mambo ya zamani, nimsamehe mumewe, watoto wanauliza kwa nini bibi haongei na baba. Nimemjibu aniletee kwanza zile kurasa.